Hector Macdonald: Askari wa Shilingi Moja kwa Siku Aliyefika Ujenerali

Chupa ilikuwa juu ya rafu ya jikoni, nyumbani kwa binamu yangu anayeishi Glasgow, kati ya kopo la majani ya chai na mfuko wa sukari. Ilikuwa chupa ya Camp, ile kahawa nzito ya maji iliyochanganywa na chikori, ambayo huko Uskoti wazee bado huinunua. Kwenye lebo ya siku hizi wanaume wawili wameketi mbele ya hema, mmoja askari wa Kiskoti, mwingine Singasinga mwenye kilemba, na kila mmoja ana kikombe chake. Binamu yangu aliniambia kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Singasinga alichorwa amesimama, ameshika sinia, akimhudumia Mskoti aliyeketi. Baadaye sinia likaondolewa, lakini yeye akaachwa palepale wima. Ni katika karne hii tu ndipo alipopewa mahali pa kukaa.

Kisha akaongeza, kama jambo ambalo kila mtu wa huko analijua, kwamba yule Mskoti ni Jenerali Hector Macdonald, na kwamba alijiua.

Nilidhani maelezo hayo yangenitosha kwa jioni ile. Yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, nami nimesoma habari za mtu huyo kwa hamu ambayo sikuitarajia, kwa sababu kila nilipodhani nimemwelewa, ukurasa uliofuata ulinilazimisha kuanza upya.

Bei ya cheo

Macdonald alizaliwa mwaka 1853 huko Mulbuie, kaskazini mwa Uskoti, katika nyumba ya mkulima mdogo aliyelima ardhi ya kukodi na kujiongezea riziki kwa uashi. Nyumbani walizungumza Kigaeli. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika duka la vitambaa mjini Dingwall, akahamia jingine mjini Inverness, na mwaka 1870 akajiandikisha kuwa askari wa kawaida katika Kikosi cha 92, kile cha Gordon Highlanders.

Mwaka huo una uzito wake. Mwaka 1870 vyeo vya uofisa katika jeshi la Uingereza vilikuwa bado vinauzwa, si kwa rushwa ya kificho, bali kwa bei iliyowekwa na serikali. Cheo cha chini kabisa cha ofisa katika askari wa miguu kiligharimu pauni 450, na cha luteni kanali pauni 4,500. Askari wa kawaida alilipwa shilingi moja kwa siku kabla ya makato. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Kijana wa Mulbuie angelazimika kuweka akiba mshahara wake wote, bila kununua hata kiberiti, kwa siku 9,000, yaani zaidi ya miaka 24, ndipo anunue ngazi ya kwanza.

Chanda chema huvikwa pete, wasema wahenga wetu. Katika jeshi lile pete ilikuwa dukani.

Waziri wa Vita, Edward Cardwell, alifuta biashara hiyo mwaka 1871. Hata hivyo ofisa aliendelea kugharimia sare zake, farasi wake, chakula na vinywaji vya bwalo la maofisa, na mshahara wake haukutosha kwa hayo yote. Aliyekuwa na shamba la urithi au baba mwenye benki hakuona tabu. Sheria iliruhusu mtoto wa mkulima awe ofisa, lakini maisha ya bwaloni yalimdai pesa ambazo hakuwa nazo. Kwa hiyo waliopanda kutoka chini walikuwa wachache sana, na wengi wao waliishia kwenye kazi za kutunza ghala au farasi.

Upanga

Miaka tisa ilipita kabla ya nafasi kumjia. Mwaka 1879 alikuwa Afghanistan, akiwa sajini wa bendera, chini ya Jenerali Frederick Roberts. Katika njia nyembamba ya milimani, wapiganaji wa Kiafghani waliuvizia msafara ambao Roberts mwenyewe alikuwamo. Macdonald aliongoza kikundi kidogo cha Waskoti na Masingasinga, akapanda mlima na kuwaondoa wavamizi. Roberts alimtaja kwa jina katika ripoti yake, na Januari 1880 sajini akawa luteni. Maofisa wenzake wa Gordon Highlanders walimpa upanga kama zawadi ya kumkaribisha.

Zawadi hiyo nimeifikiria sana. Ilikuwa ya upendo, sina shaka, lakini pia ilikuwa kitu ambacho ofisa alitarajiwa kujinunulia mwenyewe.

Mwaka huohuo alitembea na jeshi la Roberts kutoka Kabul hadi Kandahar, kilomita karibu 500 kwa takriban wiki tatu. Kisha, tarehe 27 Februari 1881, akajikuta juu ya kilima cha Majuba huko Afrika Kusini, ambako Makaburu waliwapiga Waingereza vibaya. Alishikilia ukingo mmoja wa kilima na watu wachache hadi karibu wote walipouawa au kujeruhiwa, na inasimuliwa kwamba mwishoni alipigana kwa ngumi. Alitekwa. Jenerali wa Makaburu, Piet Joubert, alipojua kwamba upanga uliochukuliwa ulikuwa zawadi ya ushujaa, aliagiza arudishiwe mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Mtu asiye na pesa, asiye na ukoo wa kumbeba, aliyekuwa ametoka katika nchi ambayo kwa vizazi kadhaa wakulima walikuwa wakifukuzwa mashambani ili wenye ardhi wafuge kondoo, na ambaye adui yake mwenyewe alimtambua. Nilitaka simulizi iendelee hivyohivyo hadi mwisho.

Batalioni ya kumi na moja

Simulizi ilibadilika nilipofika Sudani, na sababu yake si vita peke yake.

Macdonald alifika Misri katikati ya miaka ya 1880, na mwaka 1888 akaingia katika jeshi la Misri, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya maofisa wa Kiingereza. Kwa ofisa asiye na mali, hapo palikuwa na faida kubwa: mshahara ulikuwa mzuri zaidi kuliko kwao, na cheo kilipanda upesi. Alipewa batalioni ya 11 ya Wasudani.

Askari wa batalioni hizo walikuwa Wadinka, Washiluki, Wanuba na watu wa makabila mengine ya kusini na magharibi mwa Sudani. Wengi walikuwa wametekwa utotoni, wakauzwa au wakatolewa kama kodi, wakaishia kambini. Mkulima wa Kimisri aliandikishwa kwa miaka maalumu kisha akarudi shambani kwake. Msudani alitumikia mpaka nguvu zimwishie, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumrudisha. Wake zao waliishi kwenye vibanda kando ya kambi, na watoto wa kiume walikua wakisikia tarumbeta, wakaingia kikosini kwa baba zao.

Kwa miaka kumi Macdonald aliishi na watu hawa. Aliwafundisha gwaride kwa ukali uliojulikana katika jeshi lote, maana alikuwa amewahi kuwa sajini na alijua askari huficha wapi uvivu wake. Walipigana pamoja Toski mwaka 1889, Tokar mwaka 1891, Firket mwaka 1896, Abu Hamed mwaka 1897 na Atbara tarehe 8 Aprili 1898. Cheo chake kilipanda baada ya karibu kila jina katika orodha hiyo.

Vyao havikupanda hivyo.

Walikuwapo Wasudani waliofika uofisa, na mmoja wao ninamkumbuka kwa sababu maisha yake yanakaribia kushinda yote niliyosoma kuhusu Macdonald. Ali Jifun, Mshiluki wa batalioni ya 12, alikamatwa akiwa kijana na kuingizwa jeshini, akapelekwa hadi Meksiko pamoja na batalioni ya Wasudani ambayo mtawala wa Misri alimwazima Napoleon wa Tatu mwaka 1863, akarudi mwaka 1867, akaendelea kupigana Sudani hadi uzeeni. Alimsimulia mambo hayo ofisa Mwingereza, naye akayachapisha mwaka 1896. Ali Jifun alianzia chini zaidi ya Mulbuie, kwa kuwa hakujiandikisha kwa hiari na hata shilingi ya kwanza hakuiomba. Alipanda, lakini jeshi lile lilikuwa limeshaamua kwamba juu ya mtu kama yeye daima atakaa Mwingereza.

Asubuhi ya Karari

Septemba 2, 1898, kwenye uwanda wa Karari nje ya Omdurman, jeshi la Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi na mtawala wa Sudani, lenye watu wapatao 50,000 lilikabiliana na jeshi la Jenerali Herbert Kitchener, mkuu wa jeshi la Misri, la Waingereza, Wamisri na Wasudani wapatao 25,000, lenye mizinga, bunduki za mashine na meli za vita mtoni. Shambulio la kwanza la Khalifa lilikatwa na risasi mbali kabisa na mstari. Kitchener, akidhani kazi imekwisha, aliamuru jeshi lielekee mjini. Brigedi ya Macdonald, yenye watu wapatao 3,000, ilikuwa mwisho wa msafara upande wa jangwa, ikaachana na wenzake kwa zaidi ya kilomita moja.

Nyuma ya kilima, Khalifa alikuwa amebakiza Bendera Nyeusi, kikosi chake bora, chini ya ndugu yake Yakubu. Upande wa kaskazini, nyuma ya vilima vya Karari, kilikuwako kikosi kingine chini ya mwana wa Khalifa, Osman Sheikh ed-Din, na Ali wad Hilu. Vikosi hivi viwili vingegonga kwa wakati mmoja, brigedi ile ingesagwa.

Havikugonga kwa wakati mmoja. Kilichoiokoa brigedi ni zile dakika chache za tofauti, na namna zilivyotumiwa.

Bendera Nyeusi ilikuja kwanza, kutoka magharibi. Inasimuliwa kwamba Macdonald alipata amri ya kurudi nyuma akaikataa, akijua kwamba watakaogeuza mgongo kwenye uwanda ule watafikiwa. Wasudani walipoanza kufyatua ovyo kwa msisimko, alipita na farasi mbele ya midomo ya bunduki zao, akiwakemea hadi wakatulia. Shambulio hilo lilipoanza kufifia, lile la kaskazini likatokea kutoka vilimani, likija ubavuni na nyuma yake. Hapo akaanza kuzihamisha batalioni zake moja baada ya nyingine kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, huku zilizobaki zikiendelea kufyatua, hadi mstari uliokuwa umetazama magharibi ukawa na kona, kisha kona ikanyooka, na wote wakawa wanatazama kaskazini.

Msomaji aliyewahi kusimama kwenye gwaride anajua ugumu wa kugeuza mstari wa watu hata pasipo na anayepiga risasi. Wasudani walitumia Martini-Henry, bunduki ya kutia risasi moja moja, wakati batalioni za Kiingereza zilikuwa na bunduki mpya zenye hazina ya risasi kadhaa. Kila aliyehama alilazimika kukimbia nyuma ya wenzake, asimame mahali papya, apakie, alenge. Msaada wa Waingereza ulipowafikia, inasemekana kila askari alikuwa amebakiwa na risasi mbili hivi.

Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba Macdonald aliokoa siku. Wanajeshi wengi walikubali. Alifanywa msaidizi wa heshima wa Malkia, Bunge likamshukuru, na Waskoti wakalalamika kwamba hayo ni machache ukilinganisha na ulodi aliopewa Kitchener.

Upande wa Khalifa walikufa zaidi ya watu 10,000. Upande wa Kitchener, 48. Na wengi miongoni mwa waliochukuliwa mateka vitani Sudani waliingizwa katika batalioni zilezile za Wasudani, wakavaa sare ya waliowashinda.

Nilisoma maelezo ya asubuhi hiyo mara kadhaa nikiwatafuta waliogeuka. Nilipata namba za batalioni zao: ya 9, ya 10, ya 11, pamoja na ya 2 ya Wamisri. Nilipata majina ya maofisa wao wa Kiingereza. Kugeuka kule ndiko kulikomfanya Macdonald awe Macdonald, na kulifanywa kwa miguu ya watu ambao wanahistoria wa jeshi hilo walitosheka kuwahesabu.

Waliofika kwetu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki watu hawa si wageni. Mwaka 1889, mwaka uleule wa Toski, ofisa Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri mjini Cairo Wasudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wamewahi kutumikia jeshi la Misri, akawaleta pwani yetu kumpiga Abushiri bin Salim. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua Wasudani walioachwa karibu na Ziwa Albert na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, akawafanya nguzo ya utawala wa Kiingereza Uganda. Hawa wa Uganda waliasi mwaka 1897, wamechoshwa na malipo duni yaliyocheleweshwa, safari zisizoisha na kutenganishwa na wake zao. (Ofisa aliyekuwa akiwaongoza safarini aliitwa pia Macdonald, James Macdonald, na wawili hawa huchanganywa mara kwa mara.)

Wajukuu wa askari hao ni Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Babu zao walipewa ardhi ya Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 kama malipo ya utumishi, bila hati. Hati ya jumuiya ilitoka mwaka 2017, kwa ekari 288, sehemu ndogo sana ya eneo la mwanzo.

Simtwiki Macdonald hayo. Lakini ninapoambiwa kwamba jeshi lile lilijua kumtuza mtu wa chini aliyelitumikia vyema, nakumbuka pia akina nani walisubiri miaka mia moja.

Colombo, London, Paris

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Desemba 1899 Jenerali Andrew Wauchope, mwenye ardhi tajiri wa karibu na Edinburgh, aliuawa Magersfontein, Afrika Kusini, katika vita vipya na Makaburu, na Macdonald akaitwa kutoka India kuongoza Brigedi ya Nyanda za Juu mahali pake. Mtoto wa mkodishaji alishika nafasi ya mwenye shamba. Alijeruhiwa mguuni Paardeberg, akatunukiwa cheo cha heshima, akaitwa Sir Hector. Kisha, mwaka 1902, akapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kuongoza kikosi kidogo katika kisiwa kilichotawaliwa, pamoja na gavana wake, na wakulima wa chai wa Kizungu.

Hawakumpenda. Aliwakosoa wanamgambo wao kwenye gwaride, na karamu zao hakuzipenda.

Mwanzoni mwa mwaka 1903 alituhumiwa kuwatendea wavulana mambo ya kingono. Gavana Ridgeway alimwondoa kisiwani upesi, aende London. Huko alikutana na amiri jeshi mkuu, ambaye alikuwa Lord Roberts, yuleyule aliyemtaja katika ripoti ya mwaka 1879 na kumfungulia njia ya uofisa. Roberts alimwambia arudi Ceylon akaikabili mahakama ya kijeshi.

Alifika Paris, akapanga katika Hotel Regina. Machi 25, 1903, habari zake zilipotokea gazetini, alipanda chumbani kwake akajipiga risasi. Alikuwa na miaka 50.

Ndipo jeshi likagundua kwamba alikuwa na mke. Alimwoa kwa siri mwaka 1884, msichana mdogo sana, na walikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1887. Katika miaka yote hiyo walionana mara chache mno. Ndoa ya mapema ingemharibia nafasi, hasa chini ya Kitchener, ambaye hakutaka maofisa wenye wake. Mke huyo, Christina, ndiye aliyeomba mazishi ya faragha, na Macdonald akazikwa alfajiri katika makaburi ya Dean mjini Edinburgh bila mizinga wala gwaride. Baadaye maelfu ya watu walipanga foleni kwenda kaburini. Mwaka 1907 mnara wa kumkumbuka ukakamilika juu ya kilima huko Dingwall, mji aliowahi kupimia wateja vitambaa.

Ninapokwama

Waskoti wengi waliamini, na baadhi wanaamini hadi leo, kwamba aliangamizwa na tabaka ambalo halikumsamehe kuzaliwa kwake. Nimejaribu kuikubali hoja hiyo, kwa kuwa sehemu yake naiona kwa macho. Maofisa wa nasaba kubwa walipofikwa na kashfa, marafiki waliwatafutia njia ya kustaafu kimya. Yeye hakuwa na binamu serikalini wala shamba la kwenda kujificha, na kuvuliwa cheo kungemwacha bila kitu.

Lakini kila ninapofika hapo, namwona Ceylon mtu asiyetajwa katika malalamiko ya Waskoti. Tuhuma zilihusu wavulana, na kati ya mvulana wa kisiwani na jenerali wa dola palikuwa na umbali mkubwa kuliko uliokuwapo kati ya Mulbuie na bwalo la maofisa. Hakuna mahakama iliyowahi kukaa. Hakuna shahidi aliyewahi kuulizwa hadharani, wala wa kumtetea wala wa kumshtaki. Wanaomlilia husema alinyimwa nafasi ya kujisafisha, na ni kweli kwamba risasi ya Paris ilifunga kesi. Ilifunga kesi ya wavulana pia.

Siwezi kumhukumu mtu kwa tuhuma ambayo haikusikilizwa. Siwezi pia kutumia ushujaa wa Karari kumsafisha, kwa sababu ushujaa ule haukuwa wake peke yake, na hautuambii lolote kuhusu Colombo. Ninampa sifa ya zile dakika za Karari pamoja na Wasudani wa batalioni zake, namhurumia kwa safari ya kurudi ambayo Roberts alimtaka aifunge peke yake, na suala la wavulana naliacha wazi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na haki ya kulisema, na hakuna aliyewauliza.